Baiskeli Iliyokatazwa Kukimbia

Tangu nirudi hamjaacha kuniuliza. Kisimani, kanisani, hata kwenye foleni ya kliniki, mtu anainama na kuninong'oneza: "Nesi, ilikuwaje huko?" Nimejibu "nitawasimulia" mara nyingi mpaka neno lenyewe limenichosha. Kwa hiyo nimekaa chini, naandika mara moja tu. Atakaye na asome, asiyejua kusoma asomewe. Baba Asimwe, mume wangu, ameniruhusu niandike yote, hata yale yanayomhusu yeye. Ameyasoma kabla yenu.

Baiskeli mnaijua. Kwa wale walio mbali ambao barua hii itawafikia, ni baiskeli ya umeme, ambayo daktari wa Kizungu aliyekaa nasi miaka minne aliniachia alipokuwa anarudi kwao. Gurudumu la nyuma lina mota katikati, betri mbili zimefungiwa kwenye kisanduku nyuma ya kiti, na ukizungusha kishikio cha mkono wa kulia inakusukuma yenyewe. Aliniachia mimi kwa sababu ya mguu wangu wa kushoto, ambao hauna nguvu tangu utotoni, na kwa sababu mkunga wa zahanati ya kijijini hukaa njiani zaidi kuliko anavyokaa kwenye kiti chake.

Siku ya kwanza ilikimbia mno. Kwenye mteremko wa lambo ilinishinda, nikaanguka, nikavunjika mtulinga. Wiki saba nilikaa nyumbani mkono umefungwa shingoni. Nilipoipanda tena ilikuwa kama baiskeli nyingine. Ilikwenda mwendo wa mtu anayekimbia polepole, basi. Nikikaza kishikio mpaka mwisho, haiongezi hata kidogo. Nikadhani imeumia katika kuanguka, kama nilivyoumia mimi.

Ningeendelea nayo hivyohivyo kama si Nyanzobe. Huyu ni binti wa upande wa vilima, mimba yake ya kwanza. Walipokuja kuniita nilitoka bila hata kufunga mlango wa zahanati. Njia nzima nilikuwa nimekaza kishikio mpaka kiganja kikafa ganzi, na baiskeli inakwenda kwa mwendo wake uleule, kama haikusikia kwamba kuna haraka. Nilipofika, mtoto alikuwa ameshazaliwa na ameshakufa. Bibi aliyempokea aliniambia, "Alilia mara moja, nesi. Kisha akaacha."

Mtoto aliyelia mara moja ni mtoto ambaye ningeweza kumsaidia. Hilo ndilo nililokuwa nalo kichwani nilipoanza safari ya kwenda Mwanza kutafuta fundi.

Kutoka zahanati mpaka Sengerema

Tulitoka asubuhi, mimi juu ya baiskeli, Baba Asimwe kwa miguu. Shule zilikuwa zimefungwa, naye ni mwalimu, akasema hawezi kuniacha niende peke yangu. Mtaelewa mwendo wa baiskeli nikiwaambia kwamba yeye, mtu wa miaka arobaini na saba mwenye viatu vya kwendea kanisani, hakuachwa nyuma hata mara moja. Alitembea kwa haraka, akakimbia kidogo, akatembea tena. Kwenye vilima alinisukuma.

"Mama Asimwe," aliniambia tulipopumzika mara ya kwanza, "tungerudi tu. Baiskeli inakwenda. Polepole, lakini inakwenda."

"Mwambie Nyanzobe hivyo," nikamjibu.

Akachukua kibuyu cha maji, akanywa, akanipa.

Betri ilikwisha kabla hatujafika Sengerema, tukaikokota kwa zamu. Msiombe kukokota kitu kile, uzito wake ni kama ndama asiyetaka kwenda. Watu waliotupita walitusalimu, kisha wakageuka kutazama kisanduku. Mzee mmoja alitusimamisha akataka tufungulie taarifa ya habari, kwa kuwa alidhani tumebeba redio. Nilipomwambia ni betri za kuendeshea baiskeli, alitutazama sisi tunaosukuma, akaitazama baiskeli, akasema, "Sasa mbona nyinyi ndio mnaoiendesha?" Nilicheka peke yangu.

Tuliingia Sengerema tumechoka. Mama ntilie alitupa michembe iliyopikwa na karanga, viazi vile vilivyokaushwa ambavyo watu wa hapa hula mwaka mzima, na maziwa mgando. Nilikula nimeegemea ukuta, macho nimeyafumba.

Gatini Kamanga

Kesho yake tulifika Kamanga tukiwa na nia ya kuvuka ziwa asubuhi hiyohiyo. Tulikaa siku mbili.

Ilikuwa ni magugu maji. Upepo ulikuwa umeyasukuma yote upande wetu, na pale kivuko kinapopaswa kutia nanga palikuwa na shamba la kijani lenye maua ya zambarau, limeshikana kiasi kwamba ndege walikuwa wanatembea juu yake. Vijana waliingia na mapanga kukata njia. Walipomaliza, upepo ukageuka kidogo na njia ikajifunga. Kivuko tulikuwa tunakiona kule nje, kimesimama, na watu wake wanatutazama kama sisi tulivyokuwa tunawatazama wao.

Mnataka kujua tulikula nini. Tulikula mapanki, yaani mifupa ya sangara na vichwa vyake, vilivyokaangwa mpaka vikakauka. Minofu ya samaki yule siku hizi inapanda ndege kwenda Ulaya, inayobaki ndiyo yetu. Mama aliyekuwa anakaanga alikuwa na mikono iliyojaa makovu ya mafuta, na aliponisikia mimi ni mkunga alinisogezea kigoda, akanieleza uzazi wake wote, mmoja baada ya mwingine, mpaka wa saba. Nilimsikiliza kwa sababu sikuwa na nguvu ya kuondoka.

Siku ya pili mchana, niliporudi kutoka kwake na sahani mbili, nilimkuta Baba Asimwe amepiga magoti kando ya baiskeli. Amefungua mfuniko wa kisanduku kingine, kile kidogo cha nyaya kilicho chini ya kiti, na mkononi ana kisu chake cha kuchongea penseli. Watu kama kumi wamemzunguka, kila mmoja ana ushauri wake.

"Unafanya nini?"

"Naangalia tu," akasema. Alifunga mfuniko haraka, na skrubu moja ikaanguka mchangani. Tuliitafuta mpaka chakula kikapoa. Nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, huyu mtu hajui lolote kuhusu umeme, lakini ananipenda kiasi cha kujaribu.

Jioni njia ikafunguka. Karani wa kivuko alimsimamisha Baba Asimwe kwenye daraja la kupandia.

"Pikipiki zote zimwage mafuta kwanza."

"Hii ni baiskeli," Baba Asimwe akasema.

"Ina mota, haina mota?"

"Ina mota."

"Basi mwaga mafuta."

"Haina mafuta."

"Inatembea na nini?"

"Umeme."

Karani akainama, akakinusa kisanduku cha betri. Akakinusa tena upande wa pili. Nyuma yetu ng'ombe na watu walikuwa wamebanana wanapiga kelele. "Pita," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu aliyedanganywa ambaye hajui ni wapi alipodanganywa.

Mwanza mjini

Nilikuwa sijafika Mwanza tangu serikali ifungulie biashara huria, na mji ulinizunguka kichwani. Kila mlango ni duka. Nguo za mitumba zimetundikwa mpaka juu ya miamba. Redio, feni, sabuni za kila rangi. Nilidhani katika mji kama huo mtu wa kuniponyea baiskeli nitampata kabla ya chai ya saa nne.

Tuliuliza fundi wa baiskeli ya umeme. Tukaelekezwa kwa heshima zote mpaka kwa bwana mmoja aliyekaa kati ya marundo ya dinamo, zile za kuwashia taa ya baiskeli. Aliizunguka yetu mara mbili.

"Shida naiona," akasema. "Dinamo yenu imeibiwa."

Tulichukua muda mrefu kumweleza. Alipoelewa, hakutaka kushindwa mbele ya wateja wengine. Alijaza upepo kwenye matairi, akalegeza breki akisema zinashika, akapaka mnyororo grisi. Kazi nzuri, na baiskeli ikawa nyepesi kuisukuma. Nikaipanda kando ya barabara. Mwendo ulikuwa uleule.

Yeye ndiye aliyetupeleka kwa muuza betri za magari. Huyo alizigusa betri zetu kwa vidole viwili tu, kama daktari mwenye haraka. "Zimechoka," akasema. "Zijazeni usiku mmoja muone. Zikishindwa, mrudi mchukue mpya."

Tukapata gesti yenye umeme. Tulipochomeka tu chaja, umeme ukakatika mji mzima, mgao, haukurudi mpaka kesho yake alasiri. Siku nzima nililala kitandani nikisikiliza jenereta za maduka ya jirani. Baba Asimwe alikaa kwenye ukingo wa dirisha. Mara mbili alianza kusema kitu. "Mama Asimwe..." Nikasema, "Mmh?" Akasema, "Hakuna. Lala."

Betri zikajaa kwa shida. Nikaijaribu tena. Uleule.

Nilikaa chini kwenye ngazi za gesti nikalia, na sioni aibu kuwaambia. Mwenye gesti, mama wa makamo kutoka Magu, alitoka na ndoo akanikuta. Nilipomweleza, akasema, "Betri sijui. Lakini kwetu yupo fundi aliyekuwa anasuka nyaya za mota za kiwanda cha pamba. Kiwanda kilipofungwa akarudi nyumbani. Kama Mzee Kulwa akisema imekufa, basi izikeni."

Magu

Tulipanda lori lililokuwa linarudi tupu kuchukua pamba. Siku hizi wanunuzi ni wengi, kila mmoja na lori lake, wanashindana njiani kama wako mashindanoni. La kwetu liliharibika mara tatu. Mara ya tatu nilishuka nikakaa kivulini mwa tairi, nikajiuliza ni kitu gani hasa nakifukuza. Mtoto yule hatarudi hata baiskeli ikipata mabawa. Baba Asimwe alikaa kando yangu, vumbi limezifanya nyusi zake ziwe nyeupe, akawa ananipepea kwa kofia yake.

Mzee Kulwa tulimkuta kwenye kibanda nyuma ya nyumba yake, amevaa miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Mwangaluka," akatusalimu kwa Kisukuma. "Kaeni. Mmekula?"

Hakuitazama baiskeli mpaka mke wake alipotuletea wali wa Magu na dagaa. Baba Asimwe alikaa juu ya gunia na sahani yake magotini. Mimi sikuweza kungoja. Nilimweleza mzee habari yote: kuanguka, wiki saba, Nyanzobe, magugu, dinamo, betri. Alisikiliza bila kunikatiza hata mara moja.

"Ipindue," akasema.

Tuliigeuza magurudumu juu. Akawasha, akazungusha kishikio, gurudumu la nyuma likaanza kuimba. Akakaza mpaka mwisho. Sauti haikubadilika. Kisha akachukua kipande cha ubao, akakigandamiza kwenye tairi kama mtu anayeshika breki. Mota ikanguruma kwa ndani, lakini gurudumu likaendelea kwa mwendo uleule. Akautoa ubao. Uleule.

"Umeona, mama? Nimeibebesha mzigo, haikupunguza. Nimeitua mzigo, haikuongeza. Kitu kilichochoka hakifanyi hivi. Kilichochoka kikibebeshwa kinalegea." Akazima swichi. "Baiskeli hii haijachoka. Imekatazwa."

"Imekatazwa na nani?"

"Ndiyo tunatafuta."

Alifungua kile kisanduku kidogo cha chini ya kiti. Alivuta nyaya taratibu, mojamoja, akizipanga juu ya kitambaa kulingana na rangi. Mwisho akazishika mbili nyeupe, nyembamba, zilizounganishwa na kuzungushiwa tepu nyeusi.

"Watengenezaji waliziacha hizi kwa makusudi," akasema. "Zikiunganishwa, mota inaambiwa isizidi mwendo huu. Zikiachana, inakimbia. Nadhani ni kwa ajili ya wanaojifunza." Akaisogeza tepu karibu na miwani. "Lakini tepu hii si ya huko kwao. Hii nainunua hapo barabarani. Na waya umesokotwa kwa mkono. Mara ya mwisho nani alifungua hapa?"

"Hakuna aliyefungua," nikasema, "ila mume wangu aliyechungulia tu gatini."

Baba Asimwe akasema kitu. Alikisema kwa Kihaya, lugha yetu ya nyumbani, kwa sauti ya chini, akitazama sahani.

"Anasemaje?" Mzee Kulwa aliniuliza.

Nilisikia kuku wanakwaruza nje ya kibanda. Kisha ikanilazimu mimi nimtafsirie.

"Anasema ni yeye."

Mzee aliziweka nyaya chini. Akaondoka taratibu, akasema anakwenda kutafuta koleo, na koleo lilikuwa mezani.

Mume wangu alizungumza bila kuinua uso. Aliniambia kwamba siku ile nilipoletwa kwa machela nimejaa damu, alidhani nimekufa. Kwamba nilipokuwa nimelala alimwendea fundi wa jenereta wa misheni, ambaye alikuwa na kitabu cha picha kilichoachwa na daktari, akamwomba aifanye baiskeli iwe polepole. "Nilisema mpaka upone. Ukapona. Nikasema mwezi mmoja tena, uzoee."

"Na siku ya Nyanzobe?"

"Siku ile nilikusindikiza mpaka barabarani. Nilitaka kukwambia. Lakini ungelazimika kusimama nikueleze, na ulikuwa na haraka."

"Na baada yake?"

"Baada yake ningesemaje, Mama Asimwe?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa betri iliyokufa. Kwa hili sikuwa nimejiandaa. Nilimtazama yule mtu aliyetembea kwa miguu mpaka Sengerema, aliyelala gatini, aliyenipepea kando ya lori, na kila hatua aliyokwenda alikuwa anajua. Sikujua nimpige au nimwondolee vumbi kwenye nyusi. Sikufanya lolote kati ya hayo.

Mzee Kulwa aliporudi alimgeukia Baba Asimwe, kama wazee wanavyomgeukia mwanamume. "Sasa, mwalimu, nizitenganishe au niziache?"

"Mimi ndiye ninayeipanda," nikasema. "Zitenganishe."

Akakata. Akaziba kila ncha peke yake, akafunga mfuniko. Niliijaribu kwenye kiwanja cha kiwanda kilichofungwa, kati ya maghala matupu. Ilikwenda. Upepo ulinitoa machozi, na sikujua ni ya upepo peke yake au la.

Kurudi

Ya kurudi ni mafupi, kwa sababu hatukuongea. Lori, gesti, kivuko. Magugu yalikuwa yamehamia kwingine, ziwa liko wazi kabisa, kama lilikuwa linatucheka. Tukiwa katikati ya maji Baba Asimwe aliniuliza, "Utawaambia watu?"

"Kwanza utamwambia Nyanzobe. Wewe, kwa mdomo wako."

Akaitikia kwa kichwa. Tulipofika njia panda ya vilima, hakusubiri nimkumbushe. Alikunja kushoto yeye mwenyewe.

Nyanzobe alikuwa uani anaanika michembe juu ya mwamba. Alituamkia, "Shikamoo nesi, shikamoo mwalimu," akatuletea vigoda. Baba Asimwe hakukaa. Alisema yote akiwa amesimama, kofia mkononi, bila kujitetea. Alisema nyaya, alisema fundi, alisema siku ile barabarani. Nilimwona akitafuta maneno rahisi kama anavyowatafutia watoto wa darasa la kwanza.

Nyanzobe aliendelea kupanga vipande vya viazi mpaka jiwe likajaa. Ndipo akainuka.

"Mwalimu," akasema, "wewe ulimwogopea mke wako. Mimi nani aliniogopea?"

Ningewadanganya nikisema tulimjibu, au kwamba alitusamehe. Sijui hata sasa kama ile siku baiskeli ingenifikisha mapema vya kutosha, naye pia nilimwambia hivyo, kwamba sijui. Alisema amesikia. Akaingia ndani, na baada ya muda tukaelewa kwamba hatatoka.

Tukarudi njiani. Jua lilikuwa bado juu, na kwa mbali tuliona watu wameketi mbele ya zahanati, siku zote hizo wananisubiri.

"Nenda," Baba Asimwe akasema. "Usiningoje. Mimi nitakuja."

Nilipanda. Mteremko ule wa lambo una mawe, na una kona mbili, na mtulinga wangu bado unauma hali ya hewa ikibadilika. Nilizungusha kishikio mpaka mwisho. Niliogopa njia nzima, na sikupunguza.